Rudia Mpaka Ipite

Fundi lifti aliisukuma kalamu. Ikabingirika mezani, ikaanguka sakafuni, na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Sitii sahihi," alisema. "Hata mkinifungia humu mpaka niote mvi, sitii."

Mkuu wa kituo alivuta pumzi kwa nguvu, kifua kikapanda na kushuka ndani ya shati lililombana. Akamgeukia inspekta aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, mikono kifuani.

"Umemsikia? Tangu juzi wimbo ni huohuo. Na wewe ndiye unayemtia kiburi."

Inspekta aliondoka dirishani. Pale kituoni wenzake walimwita Bi Kwanini, mwanzoni kwa kejeli, baadaye kwa mazoea, maana hakuwahi kulipokea jibu bila kuligeuza nyuma aone limeshonwaje. Alivuta kiti, akaketi mbele ya fundi.

Kesi yenyewe kila mtu kituoni aliijua kwa moyo. Mshonaji mmoja, mama mtu mzima aliyekaa ghorofa ya tano ya jengo la kupanga, aliita lifti akipeleka cherehani yake kwa mteja. Mlango ukafunguka. Kwa kuwa magurudumu ya kitoroli chake yalizoea kukwama kizingitini, aliingia kinyumenyume, akikivuta. Nyuma yake lifti haikuwepo. Alianguka yeye na cherehani yake mpaka chini kabisa. Asubuhi ya siku hiyohiyo fundi huyu alikuwa ameikagua lifti ile, na ndani ya mkoba wake polisi walikuta ufunguo wa pembe tatu unaofungulia milango ya ghorofani kwa mkono. Mkuu wa kituo alipouona ufunguo ule, kwake kesi iliisha.

"Ukiugeuza ufunguo wako, lifti inafanyaje?" Bi Kwanini aliuliza.

"Inakufa papo hapo. Umeme wake unakatika. Haisogei mpaka mlango ufungwe tena sawasawa."

"Afande, umesikia na hilo?"

"Nimesikia maneno ya mtuhumiwa."

"Basi sikia na yangu. Jana nimeugeuza ufunguo huo mwenyewe, kwenye mlango uleule, msimamizi wa jengo akiwa pembeni. Lifti ilisimama kama imepigwa msumari. Sasa, baada ya fundi kuondoka asubuhi ile, mlinzi aliipanda. Watoto wa ghorofa ya tatu walitoka shule wakaipanda. Marehemu mwenyewe alishuka nayo kununua uzi, akapanda nayo. Kama huyu aliuacha mlango wazi, wote hao walipanda nini?"

Mkuu alikuna shingo.

"Kwa hiyo nani aliufungua?"

"Kila mlango wa ghorofa kwenye lifti zile una kufuli la umeme. Kufuli linatii kompyuta. Kompyuta ikiamuru lenyewe lifunguke, umeme haukatiki, kwa sababu inaamini inajua inachofanya. Na kompyuta hiyo iliwekewa programu mpya wiki moja tu kabla mama yule hajafa."

"Kampuni imetuletea ripoti. Programu yao imejaribiwa, yote sawa."

"Ripoti ya kampuni kuhusu kampuni. Kwanini tuiamini?"

"Na kwanini tusiiamini?" Mkuu alipiga meza. "Alasiri waandishi wa habari watajaa hapo nje. Mimi nataka mtu wa kuwaonyesha. Ukitoka humu kwenda kuwasumbua wale mabwana, usirudi mikono mitupu."

Bi Kwanini alisimama, akaiokota kalamu, akaiweka mfukoni mwake mwenyewe.

"Sitarudi mikono mitupu, afande."

Fundi lifti alimwita alipofika mlangoni. Sauti yake, iliyokuwa kavu muda wote, ililegea.

"Inspekta. Yule mama alikuwa akinishonea ovaroli zangu. Nikienda kwake alinikalisha, ananiita mwanangu. Nisingemwachia mlango wazi mimi."

"Najua," alisema Bi Kwanini, akatoka.

*

Kampuni ya lifti ilikuwa ghorofa ya saba ya jengo la vioo. Mapokezi yalikuwa na kochi la kijivu, mashine ya maji, na dada mmoja wa mapokezi aliyekuwa na simu mbili na macho ya mtu aliyechoka na zote mbili. Ukuta wa nyuma ya meza yake ulipakana na maabara. Mbele, ndani ya ukumbi wa kazi, skrini kubwa ilining'inia juu ya vichwa vya waandishi wa programu. Ilijaa vijiboksi, na kila kijiboksi kilikuwa cha kijani.

Mkuu wa programu alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwembamba, viatu vinang'aa, anatabasamu upande mmoja. Vijana wake walimwita Bwana Kijani. Walisema alikuwa hawezi kunywa chai yake kama kuna kijiboksi chekundu kwenye skrini.

"Karibu sana. Poleni na msiba," alisema. "Sisi hatuna cha kuficha. Tazama mwenyewe."

"Naona rangi. Nieleze maana yake."

"Kila tukibadilisha kitu kwenye programu, tunarudia majaribio ya zamani. Tunataka kuhakikisha kipya hakijaharibu cha zamani. Lifti bado inasimama inapotakiwa? Bado inahesabu uzito? Mlango bado unakataa kufunguka kama lifti haipo? Jaribio likipita, kijani. Likishindwa, jekundu. Toleo jipya lilipotoka, hakukuwa na jekundu hata moja."

"Toleo hilo lilibadilisha nini?"

"Kasi. Wateja walilalamika wanasubiri sana. Tukapunguza muda wa mlango kufikiri."

"Na mliyarudia majaribio yote?"

Tabasamu lilisita kidogo.

"Yote hayawezekani, inspekta. Yako maelfu. Tukiyafanya yote, programu itakaa jikoni mpaka ichache. Tunatumia kichujio. Kinatazama kilichobadilishwa, kisha kinachagua majaribio yanayohusika, na kuyapanga, yale ya hatari yanatangulia."

"Hicho kichujio kilitoka wapi?"

"Chuo kikuu." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa. "Kuna daktari mmoja wa utafiti. Si daktari wa sindano, wa makaratasi. Sasa mimi siwezi kumsema mtu, lakini unajua watu wa chuo. Wanapima mambo yao kwenye vijiprogramu vya kuchezea, wanaandika makala, wanapigiana makofi. Huku kwetu kuna lifti na watu ndani yake. Kama kuna jaribio lililorukwa, mimi nisingeuliza hapa. Ningemuuliza yeye."

"Nitamuuliza," alisema Bi Kwanini. "Hapahapa. Mbele yako."

*

Daktari wa Makaratasi alifika akihema. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani imepanda kwenye paji la uso, begi la kompyuta limening'inia bega moja. Hakusalimia.

"Nimeambiwa kichujio changu kimeua mtu."

"Hakuna aliyesema kimeua," Bwana Kijani alisema kwa upole. "Tumesema huenda kiliruka jaribio."

"Jaribio gani?"

"La mlango," alisema Bi Kwanini. "Lile linalohakikisha haufunguki kama lifti haipo."

"Basi tusipigane kwa maneno. Mnayo yale mabadiliko ya toleo jipya, na kichujio mnacho. Kilisheni tena mabadiliko yaleyale, sasa hivi, mimi nikiwa mbali na kompyuta." Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akainua mikono juu kama aliyeelekezewa bunduki. "Kikiruka jaribio la mlango, nifungeni pingu mimi."

"Daktari, hii ni kazi ya ofisi, sio maonyesho," alisema Bwana Kijani.

"Kwanini isifanyike?" aliuliza Bi Kwanini.

Akatoa karatasi ya upekuzi yenye sahihi ya hakimu, akailaza juu ya kibodi. Bwana Kijani aliisoma, akaikunja vizuri, akakaa, akabonyeza. Skrini ndogo ya mezani ikaanza kupandisha mistari. Haikuchukua muda. Jaribio la mlango lilitokea juu kabisa, la kwanza kwenye foleni.

Daktari alishusha mikono.

"Limechaguliwa," alisema. "Na limewekwa mbele ya yote, maana mmegusa muda wa mlango. Kichujio kiliwaambia lianzeni hili."

"Vizuri sana," alisema Bwana Kijani, na tabasamu lake likarudi lote. "Kwa hiyo lilichaguliwa. Na ripoti inaonyesha lilifanyika, likapita. Kijani. Mimi namshukuru Daktari kwa kututetea." Akamgeukia Bi Kwanini. "Kichujio kizuri, jaribio limepita, programu nzima iko sawa. Inspekta, nafikiri unarudi kwa fundi wako."

Bi Kwanini alimtazama Daktari. Daktari alikuwa amejivua kitanzi mwenyewe, na kwa mkono uleule amekivisha shingo ya mtu mwingine.

"Nionyesheni huo mlango," alisema Bi Kwanini.

*

Maabara ilikuwa chumba kirefu kinachonuka grisi. Mwishoni mwake palisimikwa mlango halisi wa lifti, wenye fremu yake, kitufe chake na kufuli lake la umeme. Nyuma ya mlango hapakuwa na lifti. Palikuwa na sanduku la chuma lenye taa, linalopanda na kushuka kwenye reli fupi.

"Sanduku ndiyo lifti," alieleza Bwana Kijani. "Kompyuta ya hapa ni ileile iliyoko kwenye majengo, programu ileile. Jaribio liko hivi. Sanduku linakuja, mlango unafunguka, unafungwa, sanduku linaondoka. Hapohapo linapoondoka, kompyuta inajifanya mtu amebonyeza kitufe. Mlango unatakiwa ukae kimya, usifunguke. Rahisi."

Akabonyeza kitufe ili amwonyeshe mlango unavyofanya kazi. Sanduku likapanda, mlango ukafunguka kwa kishindo cha bati, ukajifunga kwa kishindo kingine. Ukuta ulitetemeka.

Upande wa pili, dada wa mapokezi alisikika akilalamika waziwazi, wala hakujali nani anasikia.

"Jamani, leo tena? Mkianza kama ile siku, mimi nabeba mkoba wangu naenda nyumbani!"

Bwana Kijani alicheka. "Msamehe. Hapendi kelele."

Bi Kwanini alikuwa ameshatoka. Alimkuta dada yule ameziba sikio moja kwa kiganja, jingine limebanwa na simu.

"Dada yangu, samahani. Siku gani hiyo?"

"Ile waliyotoa toleo jipya. Si ndiyo walituletea soda? Mimi soda yangu sikuifaidi hata tone. Mlango unagonga, unanyamaza, unagonga. Tangu tumetoka kula mpaka watu wanafunga ofisi. Kichwa kiliniuma mpaka macho yakawa mazito. Nikamwambia bosi, akasema vumilia mdogo wangu, inakaribia kupita."

"Alisema inakaribia kupita?"

"Maneno yake hayo."

Bi Kwanini alirudi maabara taratibu. Alisimama mbele ya mlango, akaugusa ukingo wake wa chini. Ule mpira unaopokea kishindo ulikuwa mpya, mweusi tii, ilhali fremu yote ilikuwa imechubuka.

"Jaribio moja la mlango," alisema bila kugeuka, "linaufungua mlango mara ngapi?"

"Mara moja," alijibu Daktari. "Nimekaa humu na wajaribu wao karibu mwaka mzima, nalijua. Unafunguka, unafungwa, basi. Ukifunguka tena, limeshindwa."

"Kwenye majaribio ya toleo lile, kuna mengine yanayoutumia mlango huu?"

"Hakuna. Mengine yote ni ya ndani ya kompyuta tu."

"Ripoti inasema jaribio la mlango lilifanyika, likapita. Mara moja. Kwanini basi mlango uligonga mchana kutwa?"

Daktari alivua miwani yake, akaishika mkononi, akamtazama Bwana Kijani kama mtu anayemfahamu ndugu yake kwa mara ya kwanza.

"Usiniambie mlifanya," alisema polepole.

"Tulifanya nini? Ni kawaida," alisema Bwana Kijani. "Kila kampuni inafanya. Kuna majaribio yanayoyumba. Leo yanapita, kesho yanashindwa, na hakuna kilichobadilika. Kebo imelegea, kompyuta imechoka. Ukishughulika na kila jekundu hutatoa kitu. Unaiambia mashine, likishindwa lirudie."

"Lirudie mpaka lini?" aliuliza Bi Kwanini.

Bwana Kijani alianza kuinyoosha tai yake.

"Mpaka lipite," alijibu Daktari kwa niaba yake. "Na yaliyoshindwa yanafutwa, isionekane. Inspekta, kurudia si dhambi. Hata mimi hurudia. Dhambi ni kufuta. Niliwaletea mambo mawili. La kwanza, kuchagua majaribio. La pili, namna ya kuyasikiliza yanayoyumba. Niliwaambia kwenye meza ile pale kwamba jaribio la mlango likiyumba, usiseme jaribio ni bovu. Uliza, huenda mlango ndio unaoyumba. La kwanza waliliita ubunifu. La pili waliliita nadharia."

"Nadharia ni nadharia!" Sauti ya Bwana Kijani ilipanda kwa mara ya kwanza. "Nyinyi mna muda. Mnakaa miaka mnaandika vitu visivyosomwa na mtu. Mimi nina wateja wanaotaka toleo kesho."

"Mengi tunayoandika hayamsaidii mtu, na hilo nimelisema hadharani, mbele ya wenzangu, wakaninunia," alisema Daktari. Alikuwa amesogea hadi kidevu chake kikakaribia tai ya yule bwana. "Ndiyo maana nilikuja kukaa kwenu. Nilitaka kitu kinachofaa. Nawe ulilisoma andiko langu lote, najua, uliniuliza maswali. Ukachukua kurasa zinazookoa muda, ukaacha kurasa zinazookoa watu. Sasa unataka kunifundisha kipi kinafaa?"

"Tulifanye jaribio hilo," alisema Bi Kwanini. "Kama mlivyolifanya siku ile. Sheria zilezile, kurudia kulekule. Msiguse kitu."

"Sina idhini ya kufanya hivyo. Nahitaji kuwapigia wakubwa."

"Piga."

Alipiga, lakini hakuwapigia wakubwa wake. Muda si muda simu ya Bi Kwanini ikalia. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Ondoka hapo," alisema. "Nimepigiwa. Unawavurugia watu kazi. Hiyo ni amri."

Bi Kwanini aliitazama simu. Akabonyeza sauti kubwa, akailaza juu ya benchi la mafundi, katikati ya bisibisi na vipande vya waya.

"Afande, amri nimeisikia, na siitii. Ukitaka kunifukuza, nifukuze baada ya kusikiliza. Usikate simu." Akamgeukia Bwana Kijani. "Anza. Au nimwite kijana wako yeyote hapo nje aanze, na wewe nikuandike kwa kuzuia upelelezi."

Waandishi wa programu walikuwa wamesogea mlangoni, wamejazana. Bwana Kijani aliwaona. Akabonyeza.

Kwenye skrini kijiduara kidogo kilianza kuzunguka, kijivu, kikisubiri.

Sanduku likapanda. Mlango ukafunguka, kishindo. Ukafungwa, kishindo. Taa ya sanduku ikashuka, ikapotea. Na mara, hapo ambapo mlango ulitakiwa kunyamaza, ukafunguka tena.

Nyuma yake palikuwa peusi. Palikuwa na reli mbili na hewa.

Kwenye skrini kijiduara kiliendelea kuzunguka, kijivu, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Hicho nini?" iliuliza sauti ya mkuu wa kituo kutoka kwenye simu.

"Mlango, afande. Umefunguka na lifti haipo."

Mashine ilirudia yenyewe. Sanduku likaja, mlango ukagonga, sanduku likaondoka, mlango ukafunguka peusi. Ikarudia. Kila mara ukuta ulitetemeka na kijana mmoja pale mlangoni alishtuka bega. Dada wa mapokezi naye alikuwa amekuja, na safari hii hakulalamika. Alikuwa ameshika mdomo.

"Tena," alisema mkuu wa kituo.

"Ndiyo, afande. Tena."

Ilifika mahali Bi Kwanini akaacha kuangalia mlango, akawa anamwangalia Bwana Kijani. Huyo alikuwa haangalii mlango hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwenye kijiduara.

Kisha sanduku likaondoka, na mlango, kwa sababu ya tofauti ndogo isiyoonekana ya nani amemwahi nani kati ya kitufe na sanduku, haukufunguka. Ukabaki umefungwa, mtulivu, mwenye heshima zake.

Skrini ikaonyesha kijiboksi kimoja cha kijani. Hakukuwa na mstari mwingine. Hakuna jekundu lililoandikwa popote.

"Limepita," alisema Daktari. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma maandishi ya kaburini.

*

"Lifti ngapi zina programu hii?" Bi Kwanini aliuliza.

"Nyingi."

"Zinafanya kazi sasa hivi?"

"Bila shaka zinafanya."

"Zisimamishe."

Bwana Kijani alitikisa kichwa kwa kasi, kama mtoto anayekataa dawa. "Hujui unachosema. Naweza, ndiyo, kutoka kwenye kompyuta yangu. Ninaamuru na kila lifti inasimama kwenye ghorofa iliyo karibu, inafungua, haiendi tena. Lakini ni nusu ya mji! Kuna wazee, kuna maofisi. Watatutukana mpaka kesho. Na kwa sababu gani? Kwa jambo linalotokea mara chache, mtu akibonyeza kitufe kwenye nukta fulani tu. Huwezi kuutia mji mzima hofu kwa bahati mbaya moja."

"Unaamini hivyo? Kwamba ni bahati mbaya?"

"Naamini."

"Njoo."

Alimshika kiwiko, si kwa nguvu, akamtoa maabara, wakapita ukumbini chini ya ile skrini kubwa, wakapita mapokezi, mpaka kwenye korido ya jengo. Wengine wote walifuata. Mwisho wa korido kulikuwa na lifti, milango yake ya chuma imepigwa msasa mpaka unajiona ndani yake.

"Hii ni ya kwenu?"

"Ni yetu."

"Ina toleo gani?"

Alimeza mate. "Jipya. Tulianza na sisi wenyewe."

Bi Kwanini alibonyeza kitufe. Juu ya mlango namba zilianza kupanda.

"Geuka," alimwambia. "Unipe uso mimi, mgongo uupe mlango. Ukifunguka, ingia kinyumenyume. Usiangalie nyuma. Kama unaamini."

Aligeuka. Ilimbidi ageuke, watu wake wote walikuwa wanamtazama. Alisimama wima, tai imenyooka, viatu vyake vinavyong'aa vikiwa vimekanyaga pale mbele ya kizingiti. Namba zilifika. Kengele ndogo ikalia. Nyuma yake milango ikaachana.

Hakusogea.

Jasho lilitoka chini ya nywele zake, likateremka taratibu kando ya sikio. Bi Kwanini aliona vidole vyake vikitafuta kitu cha kushika, visipate.

"Hatua moja tu," alisema. "Mama yule hakuwa na sababu ya kuogopa, ndiyo maana aliingia. Wewe mbona huingii?"

Nyuma yake lifti ilikuwepo, taa zimewaka, safi, tupu. Kila mtu koridoni aliiona isipokuwa yeye. Hakuna aliyemwambia. Milango ikasubiri, ikachoka, ikajifunga.

Bwana Kijani alijisukuma kutoka pale kama anayetoka ukingoni mwa shimo, akatembea kuelekea kwenye kompyuta yake bila kuambiwa.

"Mnipishe," alisema kwa vijana wake, na wakampisha.

Aliandika amri kwa vidole vilivyokuwa vikikosea herufi, akafuta, akaandika tena. Daktari alisimama nyuma yake akisoma kila neno. Alipobonyeza mara ya mwisho, ile skrini kubwa iliacha majaribio ikaleta lifti zenyewe, kijiboksi kimoja kwa kila lifti, na cha kwanza kikageuka chekundu. Kikafuata kingine. Wekundu ulienea kutoka kona moja mpaka nyingine, na mahali fulani chini ya miguu yao, kwenye shimo la jengo, kitu kizito kilisimama kikakaa kimya.

Dada wa mapokezi alianza kulia bila sauti. Mmoja wa vijana alivuta kiti, akakaa, akajishika kichwa.

Bi Kwanini alirudi maabara kuchukua simu yake. Ilikuwa bado hewani.

"Afande, bado upo?"

"Nipo." Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi. "Waandishi wamefika. Wako kumi na kitu hapo nje, wana kamera."

"Wape viti. Na fundi mfungulie mlango, mwambie nimesema aende kwao akaoge."

"Wewe unaniamrisha mimi?"

"Naomba, afande. Lakini usimwonyeshe kwenye kamera. Ukimwonyesha, mbele ya kamera hizohizo nitakuja kusema ulichosikia kwenye simu hii, na nani alikupigia kabla yake."

Mkuu wa kituo alipoongea tena, hakupaza sauti.

"Ukifika uje moja kwa moja ofisini kwangu. Na kitambulisho chako cha kazi uwe nacho mkononi. Tutakuwa na mazungumzo mimi na wewe."

"Nakuja, afande." Alitoa pingu kiunoni, akaelekea ukumbini ambako Bwana Kijani alikuwa amekaa chini ya wekundu wake, mikono ameshaitoa mbele. "Ila nitachelewa. Nipo ghorofa ya saba na nimezima lifti zote, na huyu ninayekuletea amevaa viatu vinavyoteleza."